Kubadilisha Paipu za Breki za Pikapu Nyumbani, kwa Sisi Tunaoshuka Milima

Pikapu inayoshusha viazi kutoka Isyonje au kupandisha mbolea kwenda Chunya hubadilishiwa tairi, pedi, lainingi na hata injini nzima, lakini paipu za breki hubaki zilezile zilizofungwa kiwandani. Zikichakaa hazipigi kelele wala hazipunguzi mwendo. Zinaliwa na kutu polepole chini ya bodi, mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama. Na paipu iliyochoka haipasuki gari likiwa limeegeshwa. Inapasuka ikiwa imebanwa zaidi, yaani pale dereva alipokanyaga kwa nguvu zote kwa sababu kuna kitu mbele yake.

Mwongozo huu ni wa kubadilisha paipu zote ngumu na mipira yake (paipu laini za raba zinazounga paipu ngumu na magurudumu) kwenye pikapu ya kawaida isiyo na ABS (mfumo wa kompyuta unaozuia tairi zisijifunge), yenye diski mbele na dramu nyuma: Hilux za zamani, Hardbody, L200 na ndugu zao. Kama gari lako lina ABS, unaweza kubadilisha mipira ya magurudumuni, lakini paipu zinazoingia na kutoka kwenye kile kiboksi cha ABS ziachie gereji yenye kompyuta. Kikiingia upepo ndani, kwenye magari mengi hautoki kwa kukanyaga pedeli peke yake.

Niseme mapema jambo ambalo wauza spea hawapendi kulisema: paipu mpya haziongezi nguvu ya breki. Gari linasimama kwa tairi, kwa pedi na lainingi nzuri, na kwa diski na dramu zisizoliwa. Ukinunua mipira iliyofumwa kwa waya ya bei mbaya huku tairi zako zina vipara, umepoteza hela. Unachopata kwa kazi hii ni mfumo usiopasuka, pedeli ngumu isiyozama kama sifongo, na mafuta mapya ya breki. Kwa mtu wa Mbeya, hilo la mwisho ni karibu nusu ya faida yote.

Piga hesabu kidogo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa pale Kyela liko chini ya mita 500. Pikapu ya tani mbili na nusu pamoja na mzigo ikishuka tofauti hiyo, nishati inayoachiliwa inakaribia megajuli 29, joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji baridi. Ukishuka na gia nzito, yaani ya namba ndogo, injini na upepo vinachukua sehemu kubwa ya joto hilo. Ukishuka na gia nyepesi mguu ukiwa juu ya breki, karibu lote linaingia kwenye diski na dramu, na kutoka hapo linahamia kwenye mafuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani miaka yote, na mvua za Rungwe unazijua. Maji yaliyomo yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda mpaka sakafuni ilhali hakuna paipu iliyovuja hata tone.

Kagua kwanza

Usinunue chochote kabla hujalala chini ya gari na tochi. Fuata paipu kutoka masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, hadi kila gurudumu. Sehemu zinazooza kwanza ni zile zinazoshika matope: juu ya eksili ya nyuma, chini ya kila klipu inayoshikilia paipu kwenye chesisi, na nyuma ya tangi la mafuta. Sisi huku tuna adui mwingine, nao ni mbolea. Mfuko wa CAN au urea ukipasuka kwenye bodi, chembe zake zinapenya kwenye matundu ya sakafu na kutua juu ya chesisi. Zinavuta maji, zinakuwa tope la chumvi, na chuma kinaliwa. Ulaya na Marekani paipu za breki zinaharibiwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Hapa Nyanda za Juu chumvi tunaibeba wenyewe mgongoni mwa gari. Ukibeba mbolea, osha chini ya bodi siku hiyohiyo.

Futa paipu kwa kitambaa na brashi ya waya. Kutu ya juujuu inayofutika na kuacha chuma laini si hatari ya leo. Kutu inayobanduka kama maganda na kuacha vishimo inahukumu paipu nzima, siyo ile sehemu tu. Kukata kipande na kuunga katikati ni jambo linalofanyika sana, na kiungio kikifanywa vizuri kinashika. Lakini kama sentimita kumi zimeoza, zilizobaki zimekula mvua ileile kwa miaka ileile.

Mipira ikunje kwa vidole, hasa karibu na ncha zake za chuma. Ukiona mipasuko, mpira umekwisha. Kisha mtu akanyage pedeli kwa nguvu huku wewe ukiutazama. Ukivimba, umekwisha pia. Kuna ugonjwa wa tatu usioonekana: mpira hubomoka kwa ndani, kipande kikaziba njia kama mlango wa upande mmoja. Presha inakwenda lakini hairudi, gurudumu linabaki limebana, na ukigusa rimu baada ya safari fupi inaunguza. Wengi hapo wanabadilisha kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski. Pima hivi: inua gurudumu, kanyaga na uachie breki, jaribu kulizungusha. Likikataa, legeza nati ya paipu ngumu pale inapokutana na mpira. Likiendelea kukataa, legeza nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo) ya kwenye kalipa. Mafuta yakiruka kidogo na gurudumu likaachia, mpira ndio mgonjwa. Likiwa bado limebana, hapo ndipo uifikirie kalipa.

Paipu ipi ununue

Kuna chaguo tatu utakazopewa dukani, na moja kati yake ukatae hata ukipewa bure.

Ya kwanza ni paipu ya chuma yenye mipako, kama ya kiwandani. Ni imara na ya bei nafuu, lakini ni ngumu kuikunja kwa mkono, na mdomo wake, yaani ncha inayotanuliwa ili izibe, unahitaji kifaa kizuri. Ya pili inaitwa kunifa: ni shaba iliyochanganywa na nikeli kama asilimia 10 na chuma kidogo. Haioti kutu, inakunjika vizuri, inatanuka bila kupasuka. Bei yake iko juu, lakini kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani mimi nasema chukua hiyo. Usipoipata hapa Mbeya, Mwanjelwa au Mafiati, agiza Dar es Salaam ikuletewe kwa basi.

Ya tatu ni paipu ya shaba ya friji. Fundi friji anayo, ina unene unaofanana, na kwa kifaa chake anakutanulia mdomo kwa dakika mbili. Usikubali. Shaba tupu inakuwa ngumu na kuchoka kadiri inavyotikiswa, na pikapu ya barabara ya vumbi inatikisika kutwa. Inapata mpasuko wa unywele kando ya nati mahali usipopaona. Tena mdomo wa friji umekunjwa mara moja tu, na ukifunga breki kwa dharura presha inaweza kupanda kupita baa 100.

Kipimo cha paipu kwa pikapu nyingi za Kijapani ni milimita 4.75 kwa nje, ambayo madukani huitwa tatu ya kumi na sita, kwa inchi. Roli ya kawaida ni futi 25, karibu mita 7.6. Kabla ya kununua pima kwa kamba njia yote, kona kwa kona, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya midomo na makosa ya mkono.

Nati ndizo zinazowaponza watu. Magari mengi ya Kijapani yanatumia uzi wa M10, yaani wa kipenyo cha milimita 10, wenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.0. Dukani kuna nati za inchi, tatu ya nane yenye nyuzi 24 kwa inchi, ambazo kwa jicho ni zilezile. Zinaingia kwenye tundu la M10, zinazunguka vizuri, halafu ukikaza zinang'oa uzi wa masta silinda yako. Beba nati ya zamani mfukoni na uilinganishe mpya nayo dukani. Linganisha pia umbo la mdomo. Kijapani ni mdomo uliokunjwa mara mbili kuelekea ndani, mfano wa faneli. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa kiputo. Umbo moja halikai kwenye kiti cha lingine, hata ukaze vipi.

Mipira nayo ni ya aina mbili, ya kawaida na ile iliyofumwa kwa waya wa chuma nje. Ya waya haivimbi kirahisi, hivyo pedeli inakuwa ngumu zaidi, na mawe hayaichani haraka. Lakini mchanga ukiingia kwenye ule ufumaji wa waya unakwangua kila kilicho karibu, na mipira mingi ya aina hiyo haina alama yoyote ya kiwango. Kwa pikapu ya kazi, mpira wa kawaida ulio mpya na halisi unatosha kabisa. Tafuta maandishi ya SAE J1401, kiwango cha mipira ya breki, juu ya mpira pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Mpira usio na maandishi yoyote uache hapohapo kwenye kaunta. Kama umepandisha gari kwa kuongeza springi, mpira wa kati unaotoka chesisi kwenda eksili ya nyuma lazima uwe mrefu zaidi ya ule wa asili.

Mafuta ya breki: DOT 4, lita moja, kopo ambalo halijafunguliwa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, na ikishanyonya maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Hizo nyuzi 15 za tofauti, ukiwa unashuka Kitonga na mzigo, utazihitaji. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kukutana kwenye mfumo mmoja bila madhara. DOT 5 ya silikoni isikaribie kabisa. Na mafuta ya injini, ya gia, au ya hidroliki ni sumu kwa raba za breki. Zinavimba, na utanunua masta silinda na kila raba iliyopo magurudumuni.

Zana: kifaa cha kutanulia midomo chenye vibao vya kukunja mara mbili, kikatio cha paipu cha gurudumu, spana ya paipu namba 10 yenye mdomo uliokatwa upande mmoja, spana za kawaida, tupa ndogo, stendi nne, mpira mwembamba wa uwazi na chupa. Usipuuze spana ya paipu. Spana ya kawaida inashika nati pande mbili tu na kuiviringa, na nati ya breki iliyoviringwa itakula siku yako nzima.

Kufungua ya zamani

Egesha mahali tambarare, weka gia, zuia magurudumu kwa mawe makubwa, inua na uweke stendi chini ya chesisi. Tofali la kuchoma si stendi. Linapasuka bila taarifa. Kwa kuwa utakuwa umelala chini saa nyingi, tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia.

Piga picha za simu kila kona, kila klipu, kila kiungio. Kisha paka dawa ya kulainisha kutu kwenye nati zote na uende ukanywe chai. Bora zaidi, paka usiku wa kuamkia kazi. Safisha kuzunguka kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, halafu bonyeza pedeli sentimita chache na uizuie hapo kwa fimbo iliyoegemezwa kwenye kiti. Ndani ya masta silinda njia ya kutoka kwenye kopo inakuwa imefungwa, na mafuta hayatadondoka juu yako kazi nzima.

Paipu za zamani zitoe nzima kadiri inavyowezekana, zikiwa na mikunjo yake, kwa sababu ndizo ramani yako. Nati ikizunguka pamoja na paipu, acha kupambana: kata paipu kando ya nati, kisha tumia soketi ya pembe sita. Mafuta yakidondokea rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja, maana yanabandua rangi. Vaa miwani. Mafuta hayo jichoni huwasha vibaya, nawe umelala chali chini yake. Ya zamani yaweke kwenye galoni, usiyamwage mtaroni.

Ziba kila tundu lililobaki wazi, hata kwa kipande cha nailoni na raba bendi. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye masta silinda inachana raba.

Kukata na kutanua mdomo

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mengine ni kufungua na kufunga.

Kata kwa kikatio cha gurudumu, ukikikaza kidogokidogo kila mzunguko. Msumeno wa chuma unaacha ncha iliyopinda na unga unaoingia ndani. Baada ya kukata, ondoa ukingo mkali wa ndani, kisha piga tupa ukingo wa nje uwe na mteremko mdogo. Elekeza ncha chini unapofanya hivyo ili unga udondoke nje.

Ingiza nati. Nairudia kwa sababu hakuna fundi ambaye hajawahi kutanua mdomo mzuri kabisa kisha akaiona nati imelala mezani: ingiza nati kwanza, uzi wake ukielekea ncha.

Bana paipu kwenye kifaa huku ncha ikijitokeza kwa urefu sawa na ile ngazi ya kwenye kibao kidogo. Vibao vingi vina ngazi hiyo kwa makusudi. Simamisha kibao kando ya paipu na upime. Ikijitokeza pungufu, mdomo unakuwa mwembamba na hauzibi. Ikizidi, unapinda upande. Kaza kibano sana, kwa sababu paipu ikiteleza hata nusu milimita mdomo umeharibika. Weka tone la mafuta ya breki kwenye ncha, ingiza pini ya kibao ndani ya paipu, kaza skrubu mpaka kibao kiguse kibano. Ukikitoa utaona ncha imevimba kama uyoga. Sasa ondoa kibao na ukaze ile koni ya kwenye ncha ya skrubu peke yake. Inausukuma uyoga uingie ndani na kujikunja juu yake wenyewe. Usikaze kupita kiasi. Koni ikishatengeneza faneli safi, acha.

Tazama mdomo kwa tochi. Uwe katikati, upana sawa pande zote, ukuta wa ndani laini, bila ufa. Wenye kasoro ukate na uanze upya. Ndiyo sababu ulinunua roli ndefu. Fanya mazoezi kwenye vipande vya mabaki mpaka midomo mitatu mfululizo itoke sawa, ndipo uiguse paipu ya gari. Watu wenye haraka wanafikiri nati ikikazwa zaidi itaziba mdomo mbaya. Haizibi, inaupasua.

Kukunja na kufunga

Weka paipu ya zamani mezani na uifuate. Kunja kwa kifaa cha kukunjia, au kwa kuzungusha kwenye soketi kubwa au kopo lenye kipenyo kinachofaa, taratibu. Paipu ikibonyea kwenye kona, kipande hicho ni cha kutupa. Anza upande mmoja na uelekee mwingine, ukiijaribu kwenye gari kila baada ya mikunjo miwili. Kabla ya kufunga, puliza ndani kwa upepo safi, kisha pitisha spiriti na uache ikauke.

Njia ya paipu iwe ileile ya kiwandani, mbali na ekzosi, mbali na propela, juu ya chesisi au ndani yake ambako mawe hayafiki. Ishikilie kwa klipu kila sentimita 30 hivi. Palipo na klipu ya bati, weka kipande cha mpira kati yake na paipu. Kunifa ni laini, na bati likitikisika litaisugua mpaka itoboke. Kabla ya kuingia kwenye masta silinda acha mzunguko mmoja au mikunjo miwili ya kupokea mtikisiko, kama ulivyoikuta.

Anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikikataa kwa vidole usiisaidie kwa spana. Nyoosha paipu mpaka iingie yenyewe. Zote zikishashika ndipo ukaze. Nati hizi hazihitaji nguvu nyingi, karibu Nm 15, yaani kiganja kimoja kwenye spana fupi bila kuning'inia.

Mipira ifunge magurudumu yakiwa yanaelekea mbele. Unapokaza nati ya paipu, shika kichwa cha mpira kwa spana ya pili ili usijipinde, na rudisha klipu ya bati inayoubana kwenye kishikizo. Mipira mingi ina mstari wa rangi. Mstari ukijizungusha, mpira umepinda. Palipo na bolti yenye tundu, weka washa mpya za shaba pande zote mbili. Kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, shusha na kuinua eksili, ukitazama kama mpira unavutika au unagusa tairi.

Karibu na eksili ya nyuma, kwenye pikapu nyingi, kuna valvu yenye fimbo inayopima jinsi springi zilivyolala. Gari likiwa na mzigo, inaruhusu presha zaidi nyuma. Ukipandisha gari bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu inadhani bodi ni tupu siku zote na breki za nyuma zinabaki dhaifu hata ukiwa na magunia ya lumbesa. Kuna wanaoifunga kwa waya ibaki wazi. Hao siku ya mvua bodi ikiwa tupu, nyuma inakuja mbele.

Kutoa upepo

Kabla ya kuanza, rekebisha lainingi za dramu za nyuma ziguse kidogo tu gurudumu linapozunguka. Lainingi zikilegea pedeli inakwenda mbali, nawe utatoa upepo ambao haupo mpaka jioni.

Jaza kopo. Ondoa fimbo kwenye pedeli. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli kuizuia isifike sakafuni, hasa kwenye gari la zamani. Mwisho wa masta silinda ambako raba haijafika kwa miaka kuna kutu na uchafu, na ukiipeleka huko inachanika. Anza na masta yenyewe: msaidizi akanyage na kushikilia, wewe legeza nati ya paipu kidogo, mafuta na povu vitoke, kaza, ndipo aachie. Rudia mpaka povu liishe, kwa kila paipu.

Halafu magurudumu, kuanzia la mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ile valvu ya nyuma ikiwa na nipeli yake, itoe upepo nayo, kisha urudie magurudumu ya nyuma. Vika mpira wa uwazi kwenye nipeli na uzamishe ncha yake ndani ya mafuta kwenye chupa.

Kukubaliana kwa maneno ni muhimu kuliko zana. Wewe uko chini, humwoni aliye ndani. "Pampu" ni kukanyaga polepole mara tatu nne. "Shikilia" ni kukanyaga na kubaki. Yeye anajibu "nimeshika". Unafungua nipeli, pedeli inashuka, yeye anasema "imeshuka" na hainui mguu. Unafunga nipeli, ndipo unasema "achia". Akiinua mguu kabla hujafunga, upepo wote unaingia tena. Shemeji aliyetulia anafaa kuliko fundi mwenye maneno mengi.

Kila baada ya mizunguko mitano ongeza mafuta kwenye kopo. Likikauka, masta inanyonya upepo na mnaanza mwanzo. Endelea kila gurudumu mpaka mafuta yatoke safi, bila kiputo, rangi ya yale mapya. Yaliyotoka usiyarudishe.

Kutofautisha magonjwa ni hivi. Pedeli inayobonyea kama sifongo ina upepo. Inayokwenda mbali mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, lainingi zimelegea. Inayoshika kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, kuna mvujo, au raba za masta zimechoka.

Kujaribu

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga kwa nguvu zako zote na ushikilie dakika moja kamili, huku mwenzako akipitia kila kiungio na karatasi ya chooni kavu. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Nati inayotoa jasho ilegeze na uikaze tena mara mbili tatu ili mdomo ukae kwenye kiti chake. Ikiendelea, fungua ukague mdomo. Kisha washa injini mguu ukiwa juu ya pedeli. Itashuka kidogo, hiyo ni busta, kile kinachoongezea mguu nguvu, inafanya kazi, halafu isimame imara.

Jaribu hendibreki peke yake, maana hiyo inavuta kwa waya na ndiyo akiba yako. Zunguka uwanjani kwa mwendo wa kutembea. Baadaye tafuta lami tambarare isiyo na watu, simama mara kadhaa kutoka kilomita 20 kwa saa, kisha 40, ukiangalia kama gari linavuta upande. Rudi, lala chini, pitisha karatasi tena. Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi si mahali pa majaribio ya kwanza, na mzigo wa kwanza usiwe kamili. Kama hii ni mara yako ya kwanza kufanya kazi hii, mpe fundi unayemwamini apitie kila nati kabla gari halijabeba abiria. Atakutoza kidogo, na atakuambia jambo.

Baada ya wiki ya kazi kagua tena viungio vyote na kimo cha mafuta. Kimo kikishuka na hakuna unyevu nje, fungua dramu za nyuma utazame raba za wili silinda, zile silinda ndogo zinazosukuma lainingi, kwa kuwa zilizozoea presha hafifu ya mfumo mchovu huanza kuvuja mfumo ukipona. Mafuta yote badilisha kila baada ya miaka miwili. Andika tarehe kwa peni ya rangi kwenye kopo lenyewe, ili hata atakayenunua gari kwako aione.